Blanketi la Mama

"Kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana." Modesta aliyasema maneno hayo sokoni Mwaloni akipima dagaa, akayasema akitoka kanisani, akawaambia hata kuku wake. Watu wa Kirumba waliitikia bila kujua anamsema nani.

Alikuwa akimsema mdogo wake, na kisa kilikuwa blanketi. Siku ya mahari ya Teodora, wakwe walileta blanketi la mama kama desturi inavyotaka, moja tu. Na Teodora alikuwa na mama wawili. Gladness ndiye aliyemzaa. Modesta, dada yake Gladness, ndiye aliyemlea tangu angali mchanga, mdogo wake alipoondoka kwenda kusomea ualimu. Shughuli ilifanyika kwa Gladness, Butimba, na kaka yao Yeremia, msemaji wa familia, hakujiuliza hata kidogo. Alisema mama mzazi asogee. Gladness akasogea, akafunikwa blanketi mabegani, vigelegele vikapigwa. Modesta alipewa kitenge, akaambiwa hicho ni cha mama mlezi. Alishukuru akitabasamu, na kile kitenge hajakishona mpaka leo.

Afadhali blanketi lingekuwa baya. Lilikuwa zito, rangi ya udongo mwekundu, lina michoro ya ndege kanga wakifuatana kutoka pindo hadi pindo. Kila alipokwenda Butimba, Modesta alilikuta kwenye kochi kubwa, limekunjwa kwa urefu likawa jembamba, limeshushwa kutoka mgongo wa kochi hadi kikalioni, vichwa vya kanga vikitazama mlango. Wageni walilipapasa kabla hawajakaa. Modesta alikaa kwenye kiti cha mbao mkabala nalo, chai ikimpita kooni chungu kama mwarobaini. Aliona wivu, tusimfichie, wivu wa kumkosesha usingizi.

Siku moja Gladness, akimimina chai, akalidondoshea blanketi matone pembeni. Akakimbilia dawa ya kung'arisha mashuka meupe. Modesta akamshika mkono. Akamwambia akilitia dawa hiyo, kanga wote watageuka kuku wa kisasa. Atalifua yeye mwenyewe, kisha atalirudisha. Gladness akacheka, akalitia kwenye mfuko, akampa.

Alilifua kweli, na kufua alijua. Alitumia maji baridi na sabuni kidogo aliyoiyeyusha kwanza. Hakulikamua, alilizungushia taulo akalikandamiza polepole mpaka maji yakatoka. Akalianika kivulini, limegeuzwa ndani nje, upande ambao upepo wa Mwaloni haufiki, maana blanketi likishashika harufu ya dagaa ndiyo basi tena. Lilipokauka akalikung'uta, akalipitishia brashi laini nyuzi zikasimama. Doa lilikuwa limetoka. Kilichobaki kilikuwa kulirudisha.

Hakulirudisha. Aliondoa vitambaa vyake vya kufuma kwenye kochi, akalitandaza blanketi lote, sebule ikafanana na chumba cha kulala. Akalikunja kama linavyokunjwa Butimba, akaudhika, akalikunjua. Mwishowe akalitupia kimshazari kwenye bega la kochi, pembe moja ikining'inia, kama anavyojitupia kitenge akienda sala za jumuiya. Akarudi nyuma hadi mlangoni. Sasa wale kanga walikuwa wanamtazama yeye.

Gladness alipopiga simu kuuliza, aliambiwa bado halijakauka, kuna mawingu. Alipopiga tena, aliambiwa wadudu wa ziwani wametanda, haliwezi kuanikwa. Na jua lilikuwa linawaka Mwanza nzima.

Wiki hiyo jumuiya ilisali nyumbani kwa Modesta. Wanawake waliingia, wakaliona, Injili ikasubiri kidogo. Hawakuwapo Butimba siku ya mahari, na miaka yote walimjua Teodora kuwa mtoto wa Modesta. Jirani yake Apiyo alilipapasa, akauliza limetoka wapi.

"Ni blanketi la mama," Modesta akasema. "Wakwe wa Teodora ndio walioleta."

Hakukuwa na neno la uongo hapo, na alijua kabisa kwamba ameongopa. Wanawake wakampongeza. Modesta akanenepa pale pale.

Nguo ya kuazima haisitiri matako. Alipogeuka kutafuta vikombe, alimwona Gladness amesimama mlangoni, na usoni alionekana amesikia yote. Apiyo, bila kujua, alimwita aje aone dada yake alivyoheshimiwa. Gladness akaingia. Akainua pembe ile iliyokuwa na doa, akaitazama, akaishusha. Modesta aliomba sakafu ipasuke.

"Ni zuri," Gladness akasema. "Hongera, dada."

Akaenda kukaa kwenye kiti cha mbao.

Walisali, wakanywa chai, wageni wakaondoka. Modesta akaanza habari za mawingu. Gladness akamwacha mpaka akaishiwa.

"Dada, Teodora nilikuachia nikasome tu," akasema. "Niliporudi kumchukua, ukaniambia bado mdogo. Nikaja tena, ukasema ngoja aanze shule kwanza. Kisha ngoja amalize. Sasa na blanketi bado halijakauka."

Modesta akafungua mdomo amjibu kwa ile methali yake. Haikutoka.

"Najua umemlea vizuri, ndiyo maana sikumdai," Gladness akaendelea. "Lakini nimemzaa, na ananiita mama mdogo. Mpaka leo, mama mdogo. Siku ile kaka Yeremia aliposema mama mzazi asogee, ndiyo siku pekee nimeitwa mama kwa mtoto wangu. Wewe una jina lote. Mimi nina hilo blanketi."

Miezi yote ile Modesta alikuwa amejiona ndiye aliyenyang'anywa. Kumbe kule Butimba kulikuwa na mtu anayemwonea wivu tangu Teodora alipojifunza kusema. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hiki alikitandika mwenyewe.

Akalitoa blanketi kwenye kochi. Akalikunja kwa urefu, kama linavyokunjwa Butimba, akampa mdogo wake kwa mikono miwili. Akamsindikiza hadi barabarani.

Aliporudi alirudisha vitambaa vyake vya kufuma, kisha akampigia simu Teodora. Akamwambia Jumapili asije Kirumba. Aende Butimba, akatandike blanketi kwenye kochi.

"La mama mdogo?" Teodora akauliza.

Wivu wa Modesta ulikuwa bado upo, umekaa palepale kooni, na neno ilibidi lipite hapo hapo.

"La mama yako," akasema. "Na ukifika, umwite hivyo."

Akakata simu haraka, kabla mtoto hajamjibu, "Sawa, mama."