Ufunguo wa Akiba

Fundi wa kufuli alikuwa mbishi, na siku binti yake alipompeleka dukani kuchagua programu ya kompyuta alikwenda na ubishi wake wote, hakuacha hata chembe nyumbani.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya mezani, ya mtumba, imewekwa kwenye kona ya sebule, kati ya cherehani ya marehemu mkewe na kabati la vyombo. Binti alikuwa mwaka wa mwisho kwenye chuo cha uuguzi. Alitakiwa kuandika ripoti ya utafiti juu ya vidonda vinavyowapata wagonjwa wanaolala kitandani muda mrefu, na bila ripoti hakuna cheti. Mashine ilikuja tupu, haina cha kuandikia wala cha kupigia hesabu, kwa hiyo ilibidi baba na mwana wachague.

Muuzaji, kijana aliyekabwa na tai, aliwaeleza taratibu. Kulikuwa na programu ya kulipia kila mwezi: familia nzima inaitumia, na kila unachoandika kinahifadhiwa mtandaoni, ukiharibu cha leo unakikuta cha jana. Kulikuwa na ya bure: inafanya karibu kazi zote, ila ukimtumia mtu faili lenye majedwali huenda likamfikia limevurugika. Na kulikuwa na ile ya nyumbani na wanafunzi: unanunua mara moja, inakaa kwenye mashine moja, ni yako mpaka mashine ife.

"Baba, tuchukue ya mwezi," binti alisema. "Kazi yangu itakuwa salama."

"Salama wapi? Inakaa kwa nani?"

"Kwao, huko mtandaoni."

"Kwa hiyo wana ufunguo."

"Baba, jamani!"

"Nauliza tu. Mtu anakaa na ufunguo wa nyumba yangu, halafu mimi ndiye ninayemlipa. Hiyo ni akili?"

Muuzaji alicheka. Fundi hakucheka. Ya bure hakutaka hata kuisikia, aliikunjia pua kana kwamba imechacha. Akaligusa kasha la ile ya tatu. "Hii nikitia neno la siri kwenye faili, nani mwingine anaweza kulifungua?"

"Hakuna, mzee. Ukilisahau, hata sisi tuliokuuzia hatuna la kufanya. Ndiyo imetoka hiyo."

Uso wa fundi ukachangamka kwa mara ya kwanza tangu waingie. Alikuwa amezeeka bila kukutana na kufuli lililomshinda, na sasa kijana wa tai alikuwa anamuuzia moja. "Tupe hii," alisema. Binti alinuna njia nzima, na fundi alijifanya haoni.

Kuna jambo binti hakulijua. Baba yake alikuwa ameanza kusahau.

Ilianza na vitu vidogo, vya kuchekwa. Alijikuta amesimama mlangoni kwa mteja, chuma mkononi, hajui kama ameitwa kufungua au kubadilisha. Majina ya watu yalimjia mpaka ncha ya ulimi, kisha yakageuka na kurudi yalikotoka. Akaanza kumwita kila mteja "bosi", na wateja wakapenda, wakadhani ni heshima. Vipimo vya funguo alivichora kwa chaki nyuma ya mlango wa kibanda chake. Alijikaza kisabuni, na mzaha ulimsaidia, kwa sababu mzee mwenye maneno mengi haulizwi maswali.

Lakini alikuwa anaogopa, na aliogopa sana. Kaka yake alikwisha namna hiyo hiyo, ameketi kitandani na viatu miguuni, anamuuliza mkewe mwenyewe hapa ni kwa nani. Na binti yake fundi alimjua vizuri. Akisikia tu, ataacha chuo siku hiyo hiyo, atafunga kanga kiunoni na kukaa nyumbani kumtazama baba. Mtoto huyu alikuwa amemuuguza mama yake mpaka pumzi ya mwisho akiwa bado na sare za shule. Fundi aliapa hatamfanyia hivyo mara ya pili. Apate cheti kwanza, kisha ajue.

Siku moja binti alirudi na habari iliyomchafua roho. Mwenzake mmoja wa chuo alisahau kifaa chake cha kuhifadhia kazi kwenye chumba cha kompyuta, mtu akainakili ripoti yake yote na kuiwasilisha kwanza. Sasa mwenye mali ndiye anayeitwa mwizi. Binti aliisimulia huku anakula, akaisahau. Fundi hakuisahau, na hilo peke yake lilimfurahisha.

Kwa hiyo binti alipokwenda kwenye mafunzo ya vitendo katika hospitali ya mbali, akiacha ripoti imekamilika kwenye mashine, baba yake aliamua kuilinda. Nyumba ile ilikuwa na wageni, na kila mgeni siku hizi anajifanya anajua kompyuta. Akavaa miwani, akalitafuta faili kwa kidole kimoja, akafika pale panapouliza neno la siri. Hapo alitulia akawaza kwelikweli, maana alijijua. Tarakimu zitaruka. Vipimo vya funguo vitaruka. Ni kitu gani hakitaruka kamwe?

Akaandika jina la mkewe. Hata alitabasamu, akasema kwa sauti pale sebuleni peke yake, "Nikisahau na hili, nizikeni tu." Akalirudia kama mashine ilivyodai, akafunga.

Binti alirudi amekonda, mkoba begani, ana furaha ya mtu aliyebakiwa na hatua moja. Ripoti ilitakiwa chuoni kesho yake kabla ya mchana. Hakukaa hata kupumzika, aliwasha mashine.

"Baba, mbona linauliza neno la siri?"

"Nimelitia mimi. Si ulisema wezi wamejaa huko chuoni kwenu?"

Binti alicheka. "Wewe na makufuli yako! Haya, niambie."

Fundi alifungua mdomo. Kilichokuja ni "mama watoto". Alimwita hivyo tangu walipopata mtoto wa kwanza, naye akamwita baba watoto, na kabla ya hapo waliitana "mwenzangu". Alingoja jina lenyewe lije nyuma yake. Halikuja.

"Nitafungua mwenyewe," alisema. "Wewe nenda kaoge, ule. Umetoka safari."

"Si useme tu, baba?"

"Fundi hatoi ufunguo mkono kwa mkono. Kaoge."

Alipobaki peke yake aliandika MAMA WATOTO. Mashine ilikataa. Akajaribu majina ya dada zake, ya mashangazi, ya kila mwanamke aliyewahi kumsikia akiitwa kwenye harusi au matangani. Mashine ilikataa yote kwa maneno yale yale. Na mke mwenyewe alikuwa amejaa kichwani mwake, mzima kabisa: mwanya wake, alama ya kuungua na pasi kwenye kiganja, namna alivyokohoa kidogo kabla ya kukugombeza. Kila kitu chake kilikuwepo isipokuwa jina, na jasho lilikuwa linamtoka fundi kwapani kama mwizi.

Akatoka nje. Jirani yake, mama dobi, alikuwa anaanika mashuka. Yeye na marehemu walikuwa chanda na pete.

"Hivi nyie wanawake," fundi alimwambia, akijitia anapita tu, "marehemu mlikuwa mnamwitaje?"

"Shoga. Basi." Mama dobi alikung'uta shuka. "Yeye ananiita shoga, mimi namwita shoga. Tukikosana ndiyo naitwa 'wewe mwanamke'." Akacheka peke yake, kisha akajifuta macho kwa shuka la watu. "Umemkumbuka leo, fundi?"

"Nimemkumbuka," alisema, na uongo ule ulimchoma.

Vyeti vya marehemu mtoto mkubwa alivichukua wakati wa kufuatilia mafao, havikurudi. Kaburi lilikuwa kwao marehemu, safari ya siku nzima. Ilibaki simu. Fundi aliishika, akaitazama namba ya mwanawe huyo, akajaribu kulipanga swali. Mtu anamuulizaje mwanawe wa kumzaa, mama yako alikuwa anaitwa nani? Na yule kijana hana kifua, angempigia dada yake kabla hata hajakata simu ya baba. Akairudisha mfukoni.

Aliporudi ndani alimkuta binti mbele ya mashine, nywele zinachuruzika maji, anajaribu vipimo vya funguo vya baba yake kimoja baada ya kingine. Hakuwa anacheka tena. Alikuwa ameshampigia msimamizi wake kumwomba siku ya ziada, akajibiwa kwamba asiyewasilisha kesho atasubiri mwakani, na nafasi ya kazi aliyoahidiwa kule alikokuwa mafunzoni itapewa mwingine. Sura za mwanzo alikuwa nazo kwenye karatasi. Majedwali yote, na hitimisho, na kila alichokipata kwa kuinama juu ya vidonda vya watu, vilikuwa ndani ya faili lile na si mahali pengine popote duniani.

"Baba, neno ni lipi?"

"Nimesema nitafungua."

"Lini?" Aligeuka kwenye kiti. "Unanifanyia makusudi?"

"Makusudi gani tena?"

"Hutaki niondoke. Ile siku niliyokwambia kazi yenyewe iko mbali ulisema utanifungia ndani, nikadhani unatania." Alijifuta maji ya nywele usoni. "Mama alipougua nilikaa. Sikuuliza mtu. Nikimaliza chuo ndiyo unanifungia kweli?"

Fundi alisimama akishikilia kabati. Ingekuwa rahisi kukubali. Angesema ndiyo, mwanangu, nimekuzuia, nina ubinafsi, na angechukiwa kama baba mwenye akili timamu. Aliitamani hiyo, Mungu amsamehe, kwa muda mrefu kuliko inavyompasa mzazi. Lakini chuki ya binti isingefungua faili, na kesho ingefika na kupita.

Akavuta kiti, akakaa karibu naye.

"Mama," alisema, maana ndivyo alivyomwita binti yake, "mama yako alikuwa anaitwa nani?"

"Baba, si wakati wa mafumbo."

"Si fumbo. Nimetia jina lake. Nalitafuta tangu ulipokwenda kuoga."

Binti alimtazama. Kwanza alimtazama kama mtu aliyeudhiwa. Kisha uso wake ukabadilika taratibu, hasira ikatoka, na kikaja kitu ambacho fundi alikijua kwa sababu alikiona pale kitandani kwa mkewe: macho ya muuguzi anayempima mgonjwa bila kutaka mgonjwa ajue. Hicho ndicho alichokuwa anakikimbia muda wote.

Binti akalitaja jina.

Lilikuwa fupi. Fundi alishangaa jinsi lilivyokuwa fupi. Akamwomba alirudie, akalirudia, na yeye akalisema nyuma yake polepole. Binti aliandika, faili likafunguka, kurasa zikajipanga na majedwali yake na picha zake za vidonda. Hakuna aliyeziangalia.

"Tangu lini?" binti aliuliza.

"Tangu mwaka jana. Labda kabla."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Chuoni. Nilitaka ukae hukohuko."

Alilia basi, kichwa juu ya kibodi, na kwenye kioo herufi moja ikawa inajiandika ovyo katikati ya hitimisho. Fundi alimnyanyua kichwa kwa mikono miwili. "Futa hizo," alimwambia. "Kesho zisije zikasomwa na walimu wako." Akazifuta. Akalihifadhi faili, akaondoa neno la siri, na fundi hakubisha.

"Kesho ukishakabidhi," alisema baadaye, "pitia kwa yule kijana wa tai. Chukua ile ya mwezi."

"Baba, achana na mambo ya programu."

"Nisikilize. Kila niliyemtengenezea mlango nilimwambia, ufunguo wa akiba mpe mtu unayemwamini, usikae nazo zote mbili. Mimi mwenyewe sikuwahi kumpa mtu." Alivua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa tena. "Weka humo majina. La mama yako, la kaka yako, la huyu jirani. Yakae mahali ambapo si kichwani mwangu."

Binti alifungua ukurasa mweupe. Alianza kuandika jina la mama yake, na fundi akamshika mkono.

"Hapana," alisema. "La kwako kwanza."

Binti akaliandika. Fundi aliinama karibu na kioo, akalisoma kwa sauti ya chini. Kisha akamgeukia binti akamtazama usoni, akarudi kwenye jina, akamtazama tena, kama anavyofanya akilinganisha ufunguo mpya na wa zamani.