Mama wa Fulani

"Hicho kitabu cha Kiajemi kinanihusu nini mimi?"

"Kinakuhusu, Severin. Mwanamke anapika, anazaa, anazeeka, kitabu kizima anaitwa mama wa fulani tu. Jina lake hulijui mpaka anazikwa."

Severin akacheka kwa hasira. Tangu mkewe aanze chuo hapa Houston, hashikiki.

"Mama Denis, hiyo ni heshima! Kwetu nani anamwita mkewe jina?"

"Leo wewe. Niite Yasinta, mara moja tu, la sivyo nina-drive mpaka Mansfield kwa dada."

Jina lilimfika kooni. Lakini kaka zake wawili walikuwa sebuleni, wamezima TV, wanasikiliza. Wangemcheka mwaka mzima. Akalimeza.

Yasinta akamtazama, akachukua funguo za gari, akaenda zake.