Mtandio wa Bibi Elinipendo

Mama Antoni, ambaye shamba lake limepakana na la Bibi Elinipendo kule Old Moshi juu, anasema aliyaona yote kwa macho yake mawili. Anasema siku ya shukrani ya Bibi alikuwa anakata majani ya ng'ombe nyuma ya masale, ile mimea ya mpakani, akamwona yule binti mpiga picha anamvuta mtoto wa Magreth kutoka jikoni, anampangusa uso, kisha anamvua Bibi mtandio wake wa sare na kumfunga mtoto mabegani, na Bibi wa watu amekaa tu, hana habari. Tena anasema kabla ya hapo Magreth na mpiga picha walinong'onezana kwenye banda la ng'ombe, na mfuko mweusi ukatoka mkono huu ukaingia mkono ule.

"Ulikuwa na nini? Mimi sikuingia ndani ya mfuko," Mama Antoni humalizia. "Lakini ulikuwa mzito, na mpiga picha aliushika kwa mikono miwili."

Habari hiyo ilishuka mlima pamoja na watu wa sokoni, na haikuchukua muda ikamfikia mpiga picha mwenyewe, Anaeli, nyumbani kwake Rau. Aliyemletea ni mama mmoja wa kanisani, tena alimletea akiwa na lake: picha za kipaimara za binti yake alizokuwa ameziweka oda, basi, aziache kwanza.

Anaeli alipofika kwenye mfuko alicheka. Ulikuwa na maparachichi. Alipofika kwenye mtandio hakucheka.

Anaeli alikuwa anapiga picha za watoto peke yake, bila bosi wala mwenzake wa kumshikia taa. Ubatizo, kipaimara, siku ya kuzaliwa, au mtoto amepata meno tu na mama yake anataka ukumbusho. Watu wazima hakuwapenda kwenye kamera. Alisema mtu mzima anakuja na uso aliouandaa nyumbani, na ukimwambia auvue anakuuliza umemwonaje. Mtoto uso wake hauandaliki, ila lazima umsubiri. Kwa hiyo Anaeli alijizoeza kusubiri. Alikaa kwenye kigoda kifupi, kamera ikiwa usawa wa kifua cha mtoto, akawa anasema, "Bado sijaanza jamani, tulieni, bado." Na wakati anasema bado, kidole chake kilikuwa kimeshaanza zamani. Picha zake nzuri zote zilitoka kwenye ile bado. Akija kusema "haya sasa", hizo zilikuwa za kuwaridhisha wazazi.

Siku ya shukrani ilikuwa katikati ya Krismasi na mwaka mpya, wakati watoto wa Bibi Elinipendo wamerudi nyumbani wote na chini ya migomba kumejaa magari. Bibi alikuwa ametimiza miaka themanini. Wajukuu walishonewa kitenge kimoja, cha bluu chenye maua ya njano, na Bibi mwenyewe akakatiwa mtandio wa kitambaa hicho hicho, ajifunike mabega juu ya gauni lake la kijivu. Mtoto mmoja tu hakuwa na sare. Huyo ni Ezra, mtoto wa Magreth wa Sanya Juu.

Baba yake Ezra alikuwa Yoramu, kitindamimba wa Bibi, aliyekuwa akipandisha wageni mlimani mpaka homa ya mapafu ilipomchukua. Mahari ya Magreth ilikuwa haijapelekwa, hata ile pombe ya mbege ya kuanzia mazungumzo, kwa hiyo ukoo haukumhesabu mtoto. Kwa desturi ya kwao mtoto wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya mama na kihamba chake, yaani lile shamba la nyumbani lenye migomba na kahawa na makaburi ya wazee. Yoramu alipofariki, kaka yake mkubwa, Daniel, alianza kukitunza kihamba. Kutunza kukawa kuweka uzio, na uzio ukawa kuzungumzia kujenga. Hata hivyo kila Krismasi Magreth alimleta mtoto kumwamkia bibi yake. Walipewa chakula. Walikila jikoni.

Anaeli hakujua hata moja katika hayo. Aliwapanga wajukuu kwa urefu, kama afanyavyo siku zote, Bibi akiwa kwenye kiti katikati. Upande wa kulia wa Bibi palibaki pengo, maana kale kadogo, Tito, kalikataa kusimama pale, jua la jioni linakachoma macho. Anaeli akaangaza macho, akamwona mvulana wa shati jeupe amesimama mlangoni mwa jikoni na sahani mkononi.

"Wewe wa shati jeupe! Weka sahani, njoo uzibe hapa."

Maongezi ya watu wazima yakakatika kidogo. Stella, mke wa Daniel, ndiye aliyepata neno. "Huyo hana sare. Tunataka wenye sare tu, mwaya, picha isiharibike." Lakini pale pale mchungaji akasimama kuaga, na mchungaji hasindikizwi na mtu mmoja. Wakatoka wote kumpeleka hadi getini, wanaume mbele, Stella nyuma na kikapu cha ndizi na mayai. Uwanjani wakabaki watoto, Bibi, na Anaeli kwenye kigoda chake.

"Bado sijaanza jamani," alisema Anaeli. "Bado, bado."

Ndipo Bibi Elinipendo alipovua mtandio mabegani mwake, akamvisha Ezra, akaufunga fundo shingoni na kumvuta karibu, mkono ukabaki kwenye bega la mtoto. Watu wazima waliporudi picha ilikuwa imekwisha pigwa. Stella aliuona mtandio, akamtazama Anaeli kwa jicho la kumkata, akanyamaza kwa sababu ya wageni. Wajukuu wote waliona ni nani aliyevua na nani aliyefunga, lakini nani anawauliza watoto?

Picha ikatumwa kwenye grupu la familia. Mtu akaituma kwa mtu, ikafika Sanya Juu, kwa Wenseslaus, kaka yake Magreth. Naye hakukawia. Alipanda hadi kwa wazee wa ukoo, akawawekea simu mbele yao. Mnasema si mjukuu. Sare hii ni ya nani? Na huu mkono begani ni wa nani? Wazee wakaitazama, wakapeana ile simu, wakasema kitakaliwa kikao juu ya mtoto na kihamba, Jumamosi, nyumbani kwa Bibi.

Siku ya Jumatatu Daniel alifika Rau. Kwenye chumba cha Anaeli hakuna viti ila vile vya watoto, basi mwanaume mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi akakaa kwenye kistuli chekundu, magoti yakamfika kifuani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, binti. Ndipo unapofanyia mambo yako hapa?"

"Ndipo, baba."

"Pazuri. Sasa mimi sina ugomvi na wewe. Ulikosea, na kukosea ni kawaida. Hata mimi dukani mtu anataka msumari wa inchi tatu, nampa wa nne. Anarudisha, nambadilishia, maisha yanaendelea. Si ndiyo?"

"Ndiyo, baba."

"Basi na wewe nibadilishie. Ile picha kubwa ya kuning'iniza sebuleni, nataka iwepo ukutani kabla ya Jumamosi. Ila yule mtoto asiwemo. Siku hizi kompyuta zinaweza. Dar wanamtoa mtu hata kitambi."

"Kitambi kinatoka, baba, kwa sababu nyuma yake yupo mtu yule yule. Nikimtoa mtoto, nyuma yake naweka nini?"

"Kuna ukuta. Weka ukuta." Daniel alijaribu kunyoosha mguu, kistuli kikalia. "Na siku yenyewe uje. Wazee watakuuliza. Utasema ulimwita wewe, na mtandio ulimfunga wewe, hukujua. Hiyo ya kwenye simu ni makosa ya fundi, ya ukutani ndiyo picha. Maneno yenyewe hata dakika hayamalizi. Halafu unakula ndizi na nyama, unarudi zako nyumbani."

"Kumwita nilimwita kweli."

"Unaona sasa? Nusu umeshamaliza."

Kamera ilikuwa mezani, kati yao. Ndani yake zilikuwemo zile picha za bado: Bibi anavua, Bibi anafunga, Bibi anavuta. Anaeli angeigeuza tu, mambo yakaisha, na Mama Antoni akatafuta mahali pengine pa kukatia majani. Mkono ulimwasha. Lakini alikuwa ameziangalia picha hizo mara nyingi, na katika ile ya kufunga fundo aliona kitu kilichomzuia. Bibi hakuwa anamwangalia mtoto. Vidole vilikuwa kwenye fundo, macho yalikuwa getini, walipokuwa wanawe. Yalikuwa macho ya mtu anayetazama kama anaonekana.

"Nitaangalia, baba," alisema Anaeli.

"Usiangalie. Fanya."

Daniel alipoondoka, simu ikaleta ujumbe wa sauti. Ulikuwa wa Magreth. Sauti za sokoni zilisikika nyuma yake, watu wakiita bei za viatu. "Dada Anaeli, samahani kukusumbua. Huyu mtoto hanipi nafasi. Kwenye simu ya mjomba wake ameshajiona, sasa anataka kujua kama na kwenye ile kubwa ya ukutani yumo. Shuleni wanamwambia hana bibi." Na hapo sauti ndogo ikaparamia: "Mama, mwambie asinikate miguu!" Kisha Magreth akacheka kidogo, kicheko kisicho na raha, ujumbe ukaisha.

Anaeli aliusikiliza, akaurudia.

Alifungua kompyuta akaanza kazi ya Daniel, kwa maana alitaka ajue angalau kama inawezekana. Shati jeupe lilitoka. Uso ulitoka. Miguu, ambayo hakuikata, ilitoka pia. Mtandio ukatoka pamoja na mtoto, kwani ulikuwa mwilini mwake. Akapaka ukuta mahali alipokuwa amesimama. Kisha akajisogeza nyuma atazame, na akabaki ametazama mpaka chai yake ikafanya utando.

Alhamisi akapanda Old Moshi. Hakumwambia mtu. Mama Antoni alikuwa njiani na mzigo wa majani kichwani. Alisimama, akageuka mzigo na yeye mwenyewe, akamsindikiza kwa macho hadi getini.

Bibi Elinipendo alikuwa amekaa nje kwenye gunia, anamenya ndizi za kupika. Utomvu ulikuwa umemtia weusi vidoleni.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Umekuja kunipiga tena? Leo sikuvaa."

"Leo nimekuja kukuonyesha, Bibi."

Alichuchumaa, akamshikia kamera karibu, maana macho ya Bibi hayakuwa mazuri. Akampitishia moja moja. Anavua. Anafunga. Anavuta. Kisu kilisimama.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe."

"Nimezeeka vibaya." Akasogeza uso zaidi. "Ona mabega. Yoramu naye alikuwa hivyo hivyo. Akiona baridi mabega yanapanda mpaka masikioni. Mtoto alikuwa anatetemeka, na hao wengine wamevaa mazito."

"Bibi, watu wanasema nilikuvua mimi."

"Nimesikia."

"Jumamosi wazee wataniuliza. Ukiwaambia wewe mwenyewe hapa nyumbani kwako, hakuna atakayeniuliza mimi."

Bibi alitupa ganda la ndizi kwenye beseni. "Daniel ndiye anayeninunulia dawa za presha. Anayenikatia majani ya ng'ombe, analetwa na Daniel. Nikianguka hapa, atakayepigiwa simu ni Daniel. Wewe, mwanangu, kikao kikiisha unashuka zako Rau. Mimi nashuka kwenda wapi?"

Anaeli alishusha kamera magotini.

"Hiyo ya kufunga fundo nitolee ndogo," alisema Bibi kwa sauti ya chini, ingawa uwanjani hapakuwa na mtu. "Nitaiweka kwenye kitabu changu cha nyimbo. Ile kubwa fanya alivyosema Daniel. Usinihukumu."

"Sikuhukumu, Bibi. Ile kubwa nimeshajaribu. Naomba uione kabla sijaipeleka kutengenezwa."

Akatoa mkobani karatasi aliyokuwa ameichapa, akaifungua juu ya magoti ya Bibi. Wajukuu walikuwa wamependeza, bluu na njano, kila mmoja mahali pake. Katikati alikaa Bibi na gauni la kijivu, yeye peke yake katika ukoo mzima hana sare. Kulia kwake palikuwa ukuta safi. Na mkono wake wa kulia ulikuwa umenyooka hewani, vidole vimejikunja, vimeshika kitu ambacho hakipo.

Bibi alipitisha kidole chenye utomvu juu ya ule ukuta, kikaacha alama.

"Mtoto ametoka," alisema Anaeli. "Mtandio nao umeondoka naye. Ila mkono wako umebaki. Nimejaribu kuufuta, unaonekana kama umekatwa. Nimejaribu kuushusha mapajani, haushuki, begani unavunjika. Mimi sijui ya kihamba wala mahari, na sikuja kukufundisha. Nakuomba uniambie hilo moja tu, nikafanye. Mkono wako, Bibi, niuweke wapi?"

Ng'ombe alilia bandani. Kule kwenye masale majani yalitikisika, yakatulia.

Bibi Elinipendo alichukua ndizi nyingine kwenye karai. Aliishika, hakuimenya, macho yake kwenye ule mkono wa hewani.