Prosesa ya Juu Kabisa

Mutanu alibishana hadi koo likamkauka. Bosi wake, mzee Karisa mwenye karakana ya mashua za chuma pale Liwatoni, alitaka kompyuta ya kupigia barua tu, prosesa, ule ubongo wa mashine, iwe yoyote, mradi iwake. Mutanu ndiye mchoraji wake wa ramani za mashua, mgongo umeshampinda kwa kuinamia meza. Wateja siku hizi walitaka ramani za kompyuta. Bila hizo watakwenda kwingine, na yeye hana kazi. Ndiyo maana alijilipia masomo ya jioni ya kuchora kwa kompyuta, kule Tudor, mpaka akaiva.

"Barua ni nyepesi, mzee," alisema. "Ramani ya chombo kizima ukiigeuza kidogo tu, prosesa dhaifu inaganda, unabaki kuitazama. Mimi nataka ile ya juu kabisa, Pentium ya pili."

Karisa akaguna, lakini wakaenda Bondeni kwa Athmani, fundi aliyeunda kompyuta kipande kwa kipande kama mteja apendavyo. Athmani akaweka prosesa mbili mezani: ya kawaida, kibamba cha mraba, na ile aitakayo Mutanu, nyeusi, nene, umbo la kaseti.

"Kwa kazi ya dada yangu, ni hii nyeusi," alisema. "Wallahi, kisiwa kizima sijamfungia mtu bado."

"Hakuna aliye nayo?" Karisa akadakia.

"Hakuna, mzee wangu."

Uso wa mzee ukachanua. Na Mutanu naye, masikini, akacheka! Alidhani hoja zake zimeingia. Njia nzima ya kurudi alipanga pa kuiweka, dirishani, mbali na vumbi la chuma.

Kompyuta ilipokuja, ilipita mlango wake ikaenda moja kwa moja ofisini kwa Karisa. Ikakaa mkabala na viti vya wageni, ikafunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua.

"Na mimi nichoree wapi?"

"Mutanu, kitu kama hiki si cha kuchakazwa. Wewe si una meza yako?"

Hebu sikia! Alitamani kulia, alitamani kumtukana. Akarudi kwenye penseli zake.

Mwezi haujaisha, wakaja watu wa kampuni ya uvuvi na kazi kubwa ya vyombo vipya. Karisa akamwita Mutanu aje kuiwasha. Kioo kikang'aa, wageni wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

"Nani anachorea hii?" mmoja akauliza.

"Mimi mwenyewe," Karisa akasema bila haya. "Huyu ni wa kuiwasha tu."

"Vizuri. Tuonyeshe basi ramani moja."

Karisa akamgeukia Mutanu, macho yakimwomba aseme lolote, amsitiri. Naye angeweza kumsitiri.

"Haina hata mstari mmoja ndani," Mutanu akasema. "Ni ya kutazamwa."

Wageni wakaondoka na kazi yao. Ya Mutanu ikaondoka jioni ileile.