Sahani ya Ushahidi

Asubuhi aliyoruhusiwa yai, mwonjaji alikaa kwenye meza ndogo iliyo kati ya friji na mlango wa stoo, akaliponda kwa uma wa mtoto mpaka likalainika. Tangu atoke hospitali alikuwa ameishi kwa maji, maziwa na supu iliyochujwa, kisha kwa vyakula vya kusagwa ambavyo vyote, awe kuku au iwe karoti, vilikuwa na rangi ya ukuta wa ofisi. Sasa mtaalamu wa lishe wa kliniki alikuwa amemruhusu vyakula laini, na baada ya hapo, tumbo likikubali, vigumu. Masharti alipewa kwa mdomo, akayashika kama sala. Kitu kimoja kipya kwa siku. Tafuna mpaka kiwe uji. Usinywe maji pamoja na chakula. Ukisikia kubanwa chini ya kifua, weka kijiko chini, hata kama kimebaki kipande kimoja. Tumbo alilobakishiwa lilikuwa jembamba kama ndizi, na mshono wake ulikuwa bado mbichi.

Aliweka yai mdomoni. Alitafuna kwa muda ambao mama yake, upande wa pili wa jiko, alimaliza kumenya na kukata kitunguu kizima.

"Hilo ni yai au kokoto?" mama akauliza.

"Natafuna, mama."

"Nasikia. Hata jirani anasikia."

Yai lilishuka, likatulia. Mwonjaji alifurahi mpaka machozi yakamlengalenga, akainamisha kichwa asionekane. Kwenye kiti cha mbele yake, kilo alizopunguza zilikuwa zimekaa zinamtazama.

Kilo hizo zilianza kuja siku chache baada ya upasuaji. Mwanzoni zilikuwa bonde tu kwenye mto wa kochi, bonde ambalo halikunyanyuka hata mto ulipopigwa na kuanikwa juani. Kila mara mwonjaji alipopanda mizani kliniki na kukutwa amepungua, bonde lile lilipata kitu: mabega, kisha mikono, kisha shingo yenye mikunjo miwili, na mwishowe uso, ambao ulikuwa uso wake mwenyewe. Bonde likawa mwanamke mzima, mkimya, mwenye kuvaa magauni ambayo mwonjaji alikwisha kuyatoa kabatini. Nyumba haikumwitia kikao. Kaka yake mwonjaji, anayeendesha gari la masufuria, alilalamika kwamba mgeni anajaza siti ya mbele na gia ya tatu haiingii vizuri. Mama aliuliza kama amepata shuka. Mambo yakaishia hapo, maana ilikuwa miezi ya shughuli na kila mtu alikuwa na lake mkononi.

Mama alikuwa mpishi wa shughuli: harusi, misiba, mikutano ya ofisi. Wapishi kama yeye ni wengi kuliko shughuli zenyewe, lakini yeye alikuwa na kitu ambacho wenzake hawakuwa nacho, na kitu hicho kiliitwa sahani ya ushahidi. Kabla masufuria hayajafungwa na kupakiwa, mwenye shughuli huitwa uani, akapewa kiti na chai. Mwonjaji huketi mbele yake na kula sahani kamili ya kila kilichopikwa, mpaka weupe wa sahani uonekane. Halafu wote husubiri. Mteja akimaliza chai yake na mwonjaji bado yuko palepale, anatabasamu, masufuria hupakiwa. Watu waliupenda mtindo huo. Walisema mpishi mwenye mwonjaji mwembamba ana lake jambo, na kwa huyu hapakuwa na wasiwasi. Mtaa mzima ulimwita Kibonge. Picha yake ilichorwa kwenye mlango wa gari, na mchoraji hakuhitaji kutia chumvi.

Kisha siku moja Kibonge alishindwa kumaliza ngazi za ukumbi, akaanguka pamoja na beseni la saladi. Daktari alimwonyesha moyo wake kwenye skrini, akamwambia kwamba moyo ule umechoka kubeba, na kwamba asipopunguza uzito, shughuli itakayofuata wataipika bila yeye. Mama aliposikia hivyo alikubali upasuaji. Ila aliuelewa kwa namna yake. Kwake yeye tumbo lililoshonwa lilikuwa kama mguu uliovunjika: hufungwa, hupumzishwa, huunga, kisha hurudi kazini. Kwa hesabu hiyo alichukua oda ya harusi kubwa kuliko zote alizowahi kupika. Daktari hakuulizwa. Kaka mtu hakujua. Mwonjaji alijua, na alikuwa na umri wa kutosha kuolewa na kuachika, lakini hakuwahi hata siku moja kumwambia mama yake neno "siwezi" linalohusu chakula, na sasa hakujua linaanzia wapi.

Basi siku zikawa zinakwenda na yai, samaki wa kuchemsha, kiazi kilichopondwa, na mama akizifuata kama mtu anayemfuata fundi aliyechelewesha kazi. Aliuficha uma wa mtoto. Akaweka kijiko cha mezani, siku ya pili akaweka kikubwa zaidi. "Leo umeongeza?" aliuliza kila alipopita. Mwonjaji alitafuna akimsikiliza, na kila akisikia nyayo zake tonge lilikuwa gumu zaidi mdomoni. Hofu ilimkaa palepale ambapo chakula kilitakiwa kukaa. Jioni moja kaka yake aliita kutoka sebuleni, "Kibonge, hebu sogea nipite," naye akaitika kutoka jikoni. Kaka yake hakuwa akimwita yeye; alikuwa akimwita yule wa kwenye kochi.

Siku ya harusi wapishi wasaidizi walianza na moto mapema, na jua lilipopanda uani pote palikuwa na moshi na wali na nyama. Shangazi wa bwana harusi, aliyetumwa na ukoo kuja kushuhudia, alikwisha kukaa kitini na chai yake. Mama alimvuta mwonjaji nyuma ya mlango wa stoo.

"Mama, wali sijaruhusiwa," mwonjaji alisema. "Hata mkate bado."

"Si uliniambia unaanza chakula kigumu? Wali ni chuma?"

"Vijiko viwili vitatu. Sahani nzima inaweza kunipasua mshono."

"Utakula polepole. Mteja ana chai ya moto." Mama alimnyoosha kola ya gauni, ambayo sasa ingetosha shingo mbili. "Watu mia sita wanasubiri, mwanangu. Usiniaibishe mbele ya wakwe za watu."

Mwonjaji akatoka, akakaa. Shangazi alimtazama, akautazama mlango wa gari, akamtazama tena.

"Huyu ndiye Kibonge?"

"Ndiye," mama akasema. "Aliumwa kidogo."

"Aliumwa kwa kula nini?"

Mama alicheka kicheko cha biashara, akaweka sahani mezani. Ilikuwa imejazwa kama zamani, wali kwa mlima, nyama pembeni, maharage, mboga. Mwonjaji alichukua kipande kidogo cha nyama akakitafuna. Alikitafuna mpaka kikawa uji, akakimeza. Alichukua kingine. Shangazi aliacha kunywa chai. "Anatafuta nini humo?" akauliza, bila ubaya. Mama alikuja nyuma ya kiti, akainama kama mtu anayepangusa meza, akasema sikioni mwake neno moja: "Maliza."

Mwonjaji akachota wali. Hakuutafuna ulivyotakiwa. Wali ulishuka nusu ya njia ukasimama, na maumivu yakampanda chini ya kifua, ya taratibu, kama mlango mzito unaofungwa. Mate yakamjaa mdomoni. Aliweka kijiko chini. Mama akakiokota, akamrudishia mkononi, akavifunga vidole vyake juu ya kijiko. Mwonjaji alikitazama akaona kwa uwazi kabisa kwamba atakula, kwamba atafariki hapa uani mbele ya shangazi wa watu, na kwamba hata hivyo atakula, kwa sababu ameambiwa.

Hapo kilo zikatoka ndani. Zilivuta kiti, zikakaa, na mbao zikalia. Mkono mnono ulinyooka, ukaichukua sahani na ule mkono mwingine ukachukua kijiko.

"Aa," shangazi akasema, akarudi kwenye chai yake. "Huyu ndiye."

"Ndiye," mama akasema.

Kibonge akala. Alikula vizuri, bila kuchagua, na uani pote watu walilegea mabega. Mwonjaji alijiinamia, akatema mate kwenye leso, na maumivu yalipopungua akainua macho na kumtazama aliyekaa mbele yake. Aliona vitu viwili. Kwanza, kabla ya kila kijiko, yule mwanamke alimtupia mama jicho, kuuliza. Pili, miguu yake, ambayo ilikuwa miguu ya mtu mzima na minene, ilikuwa inaning'inia chini ya kiti bila kufika ardhini, inabembea.

Mwonjaji aliijua miguu ile. Mwaka mmoja, zamani, watu waliugua baada ya msiba uliopikiwa na mama, na mmoja akalazwa asirudi. Maneno yakaenea. Oda zikakatwa. Oda moja tu ndiyo ilibaki, na mwenyewe alikuja uani akasema hapakii sufuria hata moja. Ndipo mama alipomnyanyua binti yake, ambaye meno ya mbele yalikuwa bado hayajaota upya, akamkalisha kwenye kiti kirefu, miguu ikining'inia, akamwekea sahani, akasema, "Kama kina sumu, ataanza huyu." Nyumbani hadithi hiyo ilisimuliwa kwa kicheko, ikiitwa "siku Kibonge alipotuokoa", na mwonjaji mwenyewe alikuwa akiicheka kuliko wote. Siku hii hakuicheka.

Shangazi alimaliza chai. Kibonge alitabasamu. Masufuria yakapakiwa.

Kwenye gari kaka mtu alimfungulia mlango wa mbele, akamsukuma kwa bega mpaka akaenea. Kibonge alikaa akihema, mkono mmoja kifuani, na jasho likimtoka juu ya mdomo.

"Mama, anahema," mwonjaji alisema.

"Atazoea. Wewe si ulizoea?"

Gari likaondoka na picha yake mlangoni na mwenye picha dirishani. Uani wakabaki wawili, na vyombo. Mama alikung'uta kitambaa, akaanza kuosha mikono yake kwa sabuni kama anavyofanya baada ya kila oda, mpaka kwenye viwiko. Alikuwa ametulia. Hata alimletea mwonjaji bakuli la samaki, akamwekea uma wa mtoto pembeni, akasema sasa ale kwa raha zake, hakuna anayemharakisha.

Mwonjaji hakula mara moja.

"Mama. Siku ile ya kwanza, uliponikalisha pale. Ulikuwa na uhakika na chakula?"

Mama alisuuza mkono wa kulia, akausuuza wa kushoto.

"Ningekuwa na uhakika," akasema, "ningekula mwenyewe."

Akaingia ndani kumtandikia Kibonge kitanda, maana kesho yake kulikuwa na msiba.