Jua la Januari

"Mimi nikose mechi? Siku nikikosa mechi, mtafutieni Norman jeneza!"

Norman Entwistle alimwambia hivyo yeyote aliyekaa naye zaidi ya dakika mbili, akiwemo daktari wa meno aliyekuwa amemtumbukizia mikono yote miwili mdomoni. Miaka thelathini na mmoja, nyumbani na ugenini, Cragthorpe Town haikuwahi kucheza mechi ya ligi bila yeye kuwepo. Harusi ya dada yake aliikimbia kabla keki haijakatwa. Dada mtu alimnunia miaka sita, naye akahesabu kwamba hiyo ni bei nafuu.

Cragthorpe ni timu ya daraja la nane. Anzia juu, kule kwa wale wanaoonekana kwenye televisheni, ushuke ngazi mpaka magoti yakulilie, utaikuta imebanwa kati ya kiwanda cha mazulia kilichokufa na mto unaoingia uwanjani kila Februari bila tiketi. Msimu ule ilicheza mechi arobaini na mbili, ikashinda kumi na moja. Haikuwa nzuri ya kupanda wala mbovu ya kushuka. Ilipofika Machi wachezaji walikuwa wakilipua kazi tu, na mashabiki mia moja na kidogo waliwatazama huku wamekumbatia vikombe vya chai, kama watu wanaosubiri basi ambalo wanajua limeshapita.

Norman naye alikuwa amechoka, ila hilo hakulitangaza. Alikuwa tarishi wa posta. Kila siku, Jumamosi ikiwemo, aliamka saa kumi alfajiri, akatembea na barua mpaka saa sita mchana, kisha ndipo akaenda mpirani na miguu iliyobaki. Alikuwa na miaka sitini na mbili. Miguu yake ilikuwa na mia.

Mwezi wa Aprili, Trevor Hindle alimwita kando. Trevor ndiye aliyetangaza kwenye kipaza sauti, aliyekata nyasi na aliyehariri kijitabu cha mechi. Ukimkosa Trevor, umeikosa klabu.

"Mechi ya mwisho tunakuwekea kibao cha shaba kwenye kiti chako," akamwambia. "Maandishi ni haya: Norman Entwistle, hakukosa hata moja."

"Hata moja," Norman akaitikia. Sauti yake ilitoka nyembamba kama ya mtu aliyemeza mfupa.

Kwa maana ilikuwepo moja.

Ilikuwa Januari, ugenini kwa Brackenhaugh, mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari. Basi la mashabiki lilikuwa gereji limefunguliwa tumbo, kwa hiyo Norman alikwenda peke yake. Shabiki mmoja wa Cragthorpe, basi. Alifika saa tisa kasorobo, akaegesha, akanunua kijitabu cha mechi kupitia dirishani, akamimina chai. Jua lile la Januari, dogo na la chini, lilikuwa likipenya kwenye kioo cha mbele na kumpasha magoti taratibu. Akafumba macho. Dakika kumi tu, alijiambia.

Aliamshwa na milango ya magari. Nje kulikuwa na giza, watu wakitoka uwanjani wakiinua kola za makoti. Akateremsha kioo.

"Ngapi?"

"Moja bila, kwetu," akajibu mzee mmoja wa Brackenhaugh. "Ila kipa wenu, duh!" Akatikisa kichwa, akaenda zake.

Angeweza kusema ukweli Jumatatu yake. Lakini Trevor alimpigia simu asubuhi na mapema. "Wewe ndiye pekee uliyekuwepo. Niandikie ripoti ya mechi, maneno mia mbili."

Norman akakaa mezani. Kipa alikuwa Wayne Duckworth, fundi bomba wa miaka thelathini na minane. Kwa lugha yao, jina lake lina bata ndani yake, na mashabiki wa wapinzani hawakumsamehe hilo: kila akigusa mpira walimlilia kwa-kwa-kwa. Norman alimwonea huruma, na kuhusu siku ile alikuwa na kumbukumbu moja tu. Akaandika kwamba goli halikuwa kosa la kipa. Jua lilimpiga machoni.

Ripoti ikatoka, hakuna aliyeuliza kitu. Yeye tu ndiye hakutulia.

Siku ya mwisho wakatoka sare ya bila kufungana, mechi ambayo hata mpira wenyewe ungependa kuondoka mapema. Kisha wachezaji wakapanga mstari mbele ya jukwaa, Trevor akakikaza kibao kwa skrubu nne, akamsogezea Norman kipaza sauti.

"Tuambie, Norman. Katika zote, ipi ilikuwa ngumu kuliko zote?"

Alikuwa amepanga kusema asante na kukaa. Lakini watu walikuwa wakimtazama, na mdomo wake ulikuwa na mazoea ya miaka thelathini na mmoja.

"Brackenhaugh," akasema. "Januari. Nilikuwa peke yangu kwenye jukwaa zima, baridi inauma mpaka kwenye meno. Nikaona goli lile kwa macho yangu. Huyu Wayne hakuwa na la kufanya, jua lilimchoma machoni!"

Watu wakapiga makofi. Dada yake alikuwepo, naye akapiga. Trevor akazima kipaza sauti, na watu wakaanza kuelekea kwenye pai.

Wayne Duckworth hakwenda. Alipanda ngazi polepole, glavu kwapani, akaketi kwenye kiti cha jirani.

"Mama yangu aliikata ile ripoti," akasema. "Ameibandika kwenye friji. Kila nikienda kula kwake nakutana nayo."

"Nafurahi kusikia, kijana."

"Lile goli lilikuwa dakika ya themanini na nane, mzee."

Norman akaanza kufunga vifungo vya koti.

"Saa kumi na moja kasorobo. Januari. Jua limeshazama, taa za uwanja zinawaka toka mapumziko." Wayne alikuwa akivuta uzi uliofumuka kwenye glavu. "Jua gani, Norman?"

"Labda niliandika kwa haraka..."

"Mpira ulinipita katikati ya miguu. Taratibu. Mbwa angeudaka." Akageuka kumtazama. "Halafu filimbi ikalia, nahodha akasema twendeni tukamshukuru Norman, katoka mbali. Tukaenda wote, watu kumi na mmoja, na matope mpaka masikioni. Tukasimama pale tunaupigia makofi ukuta. Nahodha akasema labda umeenda chooni. Mimi nikakiona kigari chako pale maegeshoni, wakati tunarudi vyumbani. Kioo chote kina ukungu kwa ndani."

Chini, Trevor alikuwa ameanza kung'oa bendera za kona. Norman aliegemea nyuma ili mgongo ukifunike kile kibao, lakini skrubu moja haikuwa imekazwa vizuri, ikamchoma.

"Ulikuwa unakoroma?" Wayne akauliza.