Kadi ya Kabila Letu

Mjomba wangu ni fundi saa, na kwa miaka thelathini amekuwa akiunda lugha yake mwenyewe. Usicheke. Watu arobaini wanaandikiana barua kwa lugha hiyo, nami ni mmoja wao. Kila neno lina kadi yake, ndani ya droo zile zile za mishale na mikanda ya saa.

Kamusi ya lugha hiyo ilikuwa iende kuchapwa Jumatatu. Ijumaa kabla yake nikafungua droo ya majina ya makabila, nikakuta letu: Soranu. Sora ni kukimbia, nu ni watu. Asili: vita vya mpakani. Maana: waliokimbia, waoga.

Nikaichomoa kadi. "Mjomba, wanangu wasome kwamba wao ni waoga?"

"Ndivyo ilivyokuwa." Hakuinua macho kutoka kwenye saa. "Sheria unaijua. Kadi hubadilishwa na shahidi aliyeona kwa macho yake, na wewe ulikuwa mtoto mchanga."

Shahidi nilikuwa naye nyumbani, ila mama hakuwahi kukanyaga dukani pale; lugha ya kaka yake aliiita ugonjwa usio na dawa. Siku mbili nilimbembeleza, akagoma. Jumapili nikamtajia maana iliyoandikwa. Akavaa viatu.

Aliingia bila hodi. "Kaka, nani mwoga?"

"Mimi," mjomba alisema. "Nilikimbia, dada. Nikawaacha."

"Wewe ulikimbia. Mimi nilitembea siku nne, huyu mgongoni, mama nimemshika mkono. Ningekimbiaje? Kosa lako ni lako, usitutwike kabila zima!"

Kumbe nilichodhani ni ukaidi tu wa mjomba kilikuwa aibu. Nilimhurumia, lakini sikurudi nyuma. Nikaweka kadi mpya mezani. Mkono wake, unaokamata skrubu ndogo kuliko chembe ya mchele, ulichukua kalamu, kisha akanipa mimi.

"Kubeba mnasemaje?" mama akauliza.

"Hame."

"Basi andika hilo."

Nikaandika: Hamenu. Asili: vita vya mpakani. Maana: waliobeba.

Mjomba aliisoma mara mbili. "Na mimi je, dada? Mimi sikubeba kitu."

Mama akavuta kisanduku cha bisibisi cha mjomba, kile kilichobonyea pembe, anachokitumia mjomba tangu ujana.

"Hiki ulikiacha mlangoni ulipokimbia," alisema. "Kilikuwa kizito."